Nusu Yangu na Nusu ya Cucu

Alhamisi, tarehe tisa Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri. Jua lilitoka saa nne, ardhi ikaanza kutoa mvuke.

Mke wa mwanangu amerudi kutoka duka la dawa hapa Ngoingwa na vidonge vya mjukuu wangu. Mtoto amepiga chafya wiki nzima, macho yamevimba kama ameumwa na nyuki. Daktari anasema ni mzio. Sisi tunaita alaji. Mama yake alisimama jikoni akasoma maandishi ya pakiti kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya serikali: kimoja kwa siku, kisizidishwe, kisinywewe pamoja na pombe, mtu asiendeshe gari, asimpe mtu mwingine. Mjukuu wangu ana miaka tisa, na ana jina langu. Alicheka aliposikia habari ya gari. "Mum, mimi hata baiskeli inanishinda!" Mama yake akacheka pia. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini.

"Msicheke," nikasema. "Soma tena hiyo ya pombe."

Wakanitazama. Mke wa mwanangu ni mtu wa heshima, akasoma tena.

Walipotoka nikachukua daftari. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, na ya zamani yananichanganyikia kichwani. Mtu wa rika langu akisoma hapa akaona nimekosea, anisamehe. Nitaandika ninayoyakumbuka, na mahali sina hakika nitasema sina hakika. Lakini jambo moja nina hakika nalo, na hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hilo wenzangu mnalijua. Mimi ni Nyambura kwa sababu cucu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa Nyambura, na halikuwa jina tu. Baba alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha kutia nanasi mikebeni, na aliporudi Jumamosi alinisalimu mimi kabla ya kumsalimu mama yangu. "Maitu, umeshindaje?" Maitu ni mama. Mimi nina miaka minane, kamasi puani, namjibu kwa sauti nzito kama ya cucu, "Nimeshinda salama, mwanangu. Umeniletea nini?" Watu wanacheka, naye ananipa kipande cha sukari nguru kutoka mfukoni. Mama yangu akinikasirikia alikuwa anainua mwiko, halafu anaushusha. "Ningekuchapa," anasema, "lakini nani alisikia mtu amechapa mama mkwe wake?"

Cucu mwenyewe aliniita wajina. Na aliposema "sisi" hakuwa anasema habari ya watu wa nyumba nzima. Alikuwa anasema mimi na yeye. "Leo sisi tumeamka na njaa." "Sisi hatupendi haya maharagwe." Sijui mtoto mwingine angelichukua vipi, lakini mimi nililichukua lilivyo. Niliamini Nyambura ni mtu mmoja aliyewekwa katika miili miwili, mmoja mzee na mmoja mpya, ili mmoja ukichakaa mwingine uwe tayari.

Tulikaa Ruiru, katika kile kijiji tulichohamishiwa wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akipigana na watu wa msituni, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Mtaro wa kuzunguka kijiji ulipoishia ndipo kahawa ya mzungu ilipoanzia. Mama alikuwa akichuma huko. Mwenye kuijua kahawa anajua maua yake hayafunguki moja moja. Mvua ikinyesha baada ya ukavu, unangoja siku kadhaa, halafu asubuhi moja shamba lote ni jeupe, na harufu yake ni tamu mpaka inakaba. Wengine waliipenda. Mimi iliniziba pua, ikanifumba macho, mikono na shingo vikatoka mabaka ya kuwasha. Nilipiga chafya kumi, kumi na tano, bila kupumua katikati. Pengine hayakuwa maua, pengine ni vumbi la njia ya trekta. Sisi tulisema ni maua.

Cucu alivuta ugoro. Aliniona nikipiga chafya akawaita majirani waje watazame. "Oneni maajabu! Mimi nanunua ugoro nipate chafya moja ya kunifurahisha, na wajina wangu anazipata bure tangu asubuhi!"

Dresa wa shamba, yule mfunga vidonda, alinipaka dawa nyeupe ya mabaka, haikusaidia. Mwishowe Baba akaomba ruhusa na pasi ya kusafiri, tukapanda treni kwenda Thika, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la dawa. Mzee mwenye miwani, kalamu imechomekwa nyuma ya sikio. Alinivuta kope kwa kidole gumba, akanusa, sijui kwa nini alinusa, akamuuliza Baba, "Nani mwingine nyumbani anavimba hivi?"

"Hakuna. Ni huyu tu."

"Sikiza basi, bwana. Nusu kidonge. Jioni, akishakula. Hii inaleta usingizi mwingi, kwa hiyo mtoto asikae karibu na moto, asitumwe mtoni. Si ya kugawana. Hata jirani akipiga chafya kama yeye, hapana, kila mtu ana kipimo chake. Ukificha, ficha juu, mtoto asifikie. Na pombe hapana kabisa. Hii dawa na pombe zikikutana tumboni, mtu analala kama jiwe."

Baba akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, watu waliokuwa dukani wakageuka. "Pombe? Mzee, huyu ana miaka minane!"

"Mimi nasema kwa kila mtu."

"Haya. Nikimkuta kilabuni nitamrudisha nyumbani."

Nami nikacheka, nikijiona nimekaa kilabuni na chafya zangu. Nafikiri mzee hakucheka. Au labda alicheka kidogo, sitaki kumsingizia. Aliandika kwenye bahasha ndogo ya karatasi jina langu, na chini yake alama ya nusu. Niliifahamu ile alama kwa sababu tulikuwa tumefunzwa wiki hiyo. Nataka niseme wazi kwamba yule mzee hakukosea hata neno moja.

Tulifika Ruiru jioni, na Baba alikuwa lazima arudi Thika kabla pasi yake haijaisha. Alimpa cucu bahasha akiwa amesimama mlangoni. "Ni nusu, jioni, akishakula. Inaleta usingizi." Basi. Ya pombe hakuisema. Angeisemea nini? Mtoto wa miaka minane. Ya kugawana sikumbuki kama aliisema. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka midomo yake pale mlangoni, siikumbuki.

Mama alikuwa hajarudi kutoka kahawani. Cucu akanipa viazi, nikala, akaitoa bahasha. "Soma."

"Nyambura. Na nusu."

Akakata kidonge juu ya jiwe la kusagia kwa kile kisu chake kidogo. Nusu moja akanipa. Ilikuwa chungu, uchungu wa kubaki chini ya ulimi. Nusu ya pili ilibaki juu ya jiwe, akaitazama sana.

"Huyu Mhindi ana akili," akasema. "Hajaniona hata siku moja, lakini ameandika nusu. Alijua jina hili lina watu wawili."

Akaimeza bila maji. Akapiga kifua. "Nusu yako na nusu yangu. Sasa Nyambura amekunywa kidonge kizima."

Msimwone mjinga. Mimi nimemfikiria kwa miaka zaidi ya sitini, na kila nikimfikiria naona alipiga hesabu sawa kwa vile alivyoijua dunia. Mama yangu hakuambiwa. Wala hatukumficha, ilikuwa tu ni mambo ya wajina na wajina.

Ikasaidia. Mabaka yalishuka, macho yakafunguka. Cucu naye akasema magoti yake yamenyamaza usiku. Shida ilikuwa asubuhi shuleni. Nilisinzia juu ya ubao wangu, na mwalimu wetu, ambaye hakuwa mbaya kuliko wengine, akanichapa vigimbi vya miguu mara mbili katika wiki moja. Nikamwambia cucu sitaki tena dawa. Alifikiri kidogo.

"Basi nitakunywa mimi zote mbili. Si ni mtu mmoja?"

Jioni ile alimeza nusu zote mbili. Mvua kubwa ikaja, ikaangusha maua yote ya kahawa, asubuhi yakawa matope ya kahawia chini ya miti. Na mimi nikaamka bila chafya hata moja.

Leo ninajua ni mvua. Lakini mtoto aliyelala na pua imeziba, akaona cucu akimeza dawa, akaamka pua imefunguka, huyo utamwambia nini? Kwangu ilikuwa ushahidi. Nilikimbia shule nikiwa mwepesi. Nilimwambia rafiki yangu kwamba mimi nina mtu wa kuninywea dawa chungu, akalia kwa wivu, akaenda kumwomba cucu yake naye amnywee mafuta ya mbarika.

Wiki zilizofuata cucu alikunywa kila mara nilipopiga chafya, mara nusu, mara kizima. Wakati mwingine alisinzia mchana na ugoro kwenye vidole. Tulisema ni uzee.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili. Shangazi yangu Wambui, dada mdogo wa Baba, alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wanakuja na mbuzi wa mahari. Walikuwa wachache, kwa sababu mikusanyiko ilitaka ruhusa, na ilikuwa lazima wamalize mchana. Na siku hiyo hiyo, kama imeagizwa, kahawa ilikuwa imefunguka tena. Niliamka uso umekuwa mkubwa. Shangazi aliponiona akashika kichwa.

"Uui! Na huo uso utawafukuza wakwe zangu! Wataona nyumba hii inazaa maboga, warudi na mbuzi wao!"

"Mwache," cucu akasema. "Wakiogopa sura, wewe mwenyewe wangekutoroka zamani."

Akanivuta nyuma ya nyumba. "Wajina, leta dawa. Ngapi zimebaki?"

"Tatu."

"Tutakunywa zote mapema, wageni watukute tuko safi."

"Na mimi?"

"Wewe si ndiye huyu?" Akajipiga kifua.

Nilifurahi. Nilijua nikinywa nitalala na kukosa karamu. Nilikuwa mrefu kuliko rafu tuliyoweka bahasha, nikaitoa mimi mwenyewe, nikavimimina vidonge katika kiganja chake kimoja kimoja, nikamletea maji. Hilo sitasema sina hakika nalo. Ni mkono wangu.

Wageni walikuja watu wanne na mbuzi watatu, na ndani ya gunia, chini ya viazi, kibuyu cha muratina, ile pombe ya asali. Mama wa bibi harusi ndiye anayeonjeshwa kwanza miongoni mwa wanawake, na hawezi kukataa, kukataa ni kusema hamtaki kijana. Baba ndiye aliyemmiminia, katika pembe ya kunywea. Cucu akanywa pembe nzima, akafuta mdomo, akawaambia wakwe, "Asali ni nzuri. Sasa tuone kama kijana naye ni mtamu, au alikuja na nyuki." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba akamwongezea pembe ya pili.

Baada ya muda maneno yake yakaanza kuja moja moja. Akasema anaingia ndani kunyoosha magoti. Mzee mmoja wa upande wa pili akasema, "Mama amelewa kabla ya mbuzi kuiva!" Watu wote wakacheka, Baba pia, mimi pia.

Mama na shangazi walikuwa jiko la nje, wakiponda irio za mahindi na viazi. Nyama ilianza kuchomwa. Mimi nikaingia ndani kutazama kama uso wangu umeshuka, yaani nilitaka kutazama uso wa cucu, kwa sababu hatukuwa na kioo na kwangu ilikuwa ni mamoja.

Alikuwa amelala juu ya ngozi yake karibu na mawe matatu ya moto, pale alipolala siku zote. Mdomo wazi. Nikamwita. Nikamtikisa bega. Nikamwita kwa jina, ambalo mtu halitaji hivi hivi, "Nyambura! Nyambura!" na nikasikia jinsi ilivyo vibaya kujiita mwenyewe na kutojibiwa. Pumzi yake ilikuja, halafu ikakaa, nikahesabu, ikaja tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Nyambura anakufa. Na kama Nyambura anakufa, mimi ninakufa.

Mtu mzima angekimbia nje kupiga kelele. Mlango ulikuwa hatua nne, na nje ya mlango kulikuwa na watu wazima wasiopungua saba, pamoja na baba yangu. Nimezipima zile hatua mara nyingi kichwani. Sikukimbia. Sikuona kuna haja, kwa vile mtu akifa amekufa. Nililala chini ubavuni pake, nikanyoosha miguu kama yake, nikafungua mdomo kama wake, nikamshika mkono wa kushoto, nikafumba macho nikingoja. Sikulia. Nilijaribu kuvuta pumzi yake ilipokuja na kuizuia yangu ilipokaa yake. Nilikuwa natii, sijui neno lingine.

Mara moja aliguna, mguno mrefu wa chini. Nikasema ndiyo hiyo, roho inatoka, na nikangoja yangu.

Na kulikuwa na harufu ya nyama. Nje walikuwa wanachoma mbuzi, nikafikiri ni mbuzi. Nikafikiri, tunakufa kabla hatujala. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza kati ya mawe, juu ya makaa.

Kwa muda gani, sijui. Kulikuwa na mstari wa jua uliopita kwenye tundu la ukuta, na nakumbuka ukiwa kwenye mtungi nilipolala, halafu nikahisi joto lake kwenye mguu wangu. Lakini sipaswi kuukuza muda ili nijilaumu, wala kuupunguza ili nijitoe. Ulikuwa muda wa kutosha.

Nilisikia Baba akiingia na kucheka, "Maitu, mbuzi ameiva," sijui alikuwa anamwita nani kati yetu. Halafu kicheko kikakatika. Nilisikia sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume. Akamvuta cucu nje, akarudi akaninyakua mimi. Na mimi, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu asubuhi, mimi sikufungua macho. Nilikuwa macho kabisa. Lakini niliona aibu kuwa sijafa. Wakatumwagia maji wote wawili, shangazi akilia, "Wamekunywa dawa! Mtoto pia amekunywa! Bahasha ni tupu!" Nikaacha waamini. Nikajifanya naamka pole pole, nikapepesa macho kama nilivyomwona cucu akifanya siku zile za kusinzia mchana. Tangu siku ile watu wote walijua nililala kwa dawa, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini humo ndani.

Cucu hakufa. Aliamka giza likiingia, akatapika, akauliza mkono wake una nini. Vidole vitatu havikupona, vilikunjamana kama majani makavu, na ule ulikuwa mkono wa ugoro. Baba alipouliza ni nani alimpa vidonge vyote, alisema, "Nilijipa mwenyewe," na hakusema neno lingine, ingawa nilikuwa nimesimama pale.

Toka hapo mimi ndiye niliyemtilia ugoro puani, kwa vidole vyangu. Siku moja tumekaa juani, mimi na yeye peke yetu, akaniambia bila kunitazama, "Siku ile ulikuwa umenishika mkono huu mwingine. Kiganja chako kilikuwa na jasho."

Kiganja cha mtu aliyelala fofofo hakimshiki mwenzake hivyo. Alijua, na nilijua anajua.

"Nitilie ugoro," akasema.

Alifariki mwaka uliofuata, kwa kifua, si kwa mkono. Wengine walisema mkono ulimmaliza nguvu. Sina elimu ya kuamua.

Lakini Baba. Tangu Jumapili ile hakuniita tena maitu. Jumamosi iliyofuata nilimngoja njiani kama kawaida, nikiwa tayari na sauti yangu nzito, akapita akasema, "Wewe, mama yako yuko?" Ikawa "wewe," baadaye ikawa "msichana." Nyambura hakuweza kuniita, kwa sababu ni jina la mama yake, mtu halitaji tu. Sukari nguru aliendelea kuleta, aliiweka juu ya kigoda na kutoka. Nilikua hivyo. Niliolewa nikiwa "msichana." Nilizaa mwana, akaja kumwona mtoto, akasema, "Hongera, msichana." Nilijua sababu: alikuwa amegundua, kwa namna fulani, kwamba nililala pale macho nikiacha mama yake aungue. Ndivyo nilivyosoma uso wake kwa miaka yote hiyo, kila alipogeuka, kila alipokosa neno. Na nilimpa haki. Mtu aliyefanya vile angeitwaje mama?

Wiki yake ya mwisho alikuwa kwangu. Hakutaka kula. Nilimpikia uji, akafunga mdomo kama mtoto; nikamletea mayai, akageukia ukuta. Daktari alisema asipokula atamaliza siku chache. Alasiri moja nilikuwa nampangia dawa zake, nikimsomea ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni, akasema, "Yule Mhindi alinikataza."

"Mhindi gani, Baba?"

"Wa ile dawa yako. Alisema, pombe hapana. Alisema, si ya kugawana. Mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani na kicheko, maneno nikayaacha Thika."

"Ilikuwa dawa ya mtoto. Hukuweza kujua cucu anaigawana."

"Sikuuliza. Nilimmiminia pembe mbili kwa mkono wangu." Alivuta pumzi. "Na wewe nawe ukalala pale, mdogo hivyo, umekunywa usingizi ule ule. Niliwatoa wawili. Nikajiambia, mwanamume, leo umemuua mama yako mara mbili. Sasa ningekuitaje vile tena? Kila nikifungua mdomo naona nyinyi wawili chini."

Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa. Sikumbuki niliiweka wapi. Miaka yote niliyodhani ananinyima lile neno, kumbe yeye alidhani hastahili kulitamka. Na nusu ya mzigo wake ilikuwa ni uongo wangu. Sikuwa nimelala. Sikuwa nimekunywa hata chembe. Kama ningesema maneno mawili tu, angejua kwamba hakuniua mimi hata mara moja, na pia angejua kuna mtu aliyekuwa macho hatua nne kutoka mlangoni.

"Nisamehe, maitu," akasema.

Nilifungua mdomo kusema lile la kweli. Naapa nilifungua. Lakini alikuwa ameniita. Mara ya kwanza tangu nina miaka minane, alikuwa ameniita, na nilijua nikisema, pengine hataniita tena, na siku zake zilikuwa zimebaki chache. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya chini, ile ya zamani, sikujua kama bado ninayo.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema.

Akafumba macho, na uso wake ukalegea wote. Nilimsamehe kosa ambalo nusu yake ni langu, kwa jina la mtu ambaye sikumsaidia. Na yeye akapokea.

Jioni ile tulikula mukimo wa viazi na majani ya malenge, na maziwa lala kidogo. Baba alimaliza sahani yake, akaomba aongezewe, nikamwongezea.